Ubaridi wa Mdomoni Haushushi Joto la Mwili

Mwezi wa kumi, kabla mvua hazijashika, Likasi huwaka. Vumbi la malori yanayokwenda Kolwezi hulala juu ya majani ya miembe mpaka rangi yake ya kijani ipotee, na mabati ya paa hubaki ya moto hata jua likishazama. Huo ndio mwezi ambao pipi za menti hutoka katika farmasi yangu ya Kikula haraka kuliko dawa yoyote. Madereva hununua, wanafunzi hununua, na vijana wanaokwenda kuchimba hununua kuwashinda wote: pakiti nzima mfukoni, alfajiri, kabla hawajapanda pikipiki. Mmoja wao alinieleza sababu. "Mama, nikiweka moja mdomoni, joto la shimoni silisikii, na kiu inanipita." Aliyasema kwa furaha. Ndiyo maneno yaliyonifanya nishike kalamu.

Joto lile lipo pale pale. Maji aliyoyatoa kwa jasho hayajarudi mwilini. Kilichonyamazishwa ni taarifa, nayo taarifa ndiyo inayomwokoa mtu aliye shimoni. Ninachodai ni hiki: kila kitu kinachouzwa katika mji huu kikiwa na mentoli au dada zake, kiwe pipi, kinywaji, pomadi au sigara, kiseme wazi kwamba kinaleta hisia ya ubaridi tu, na kiseme nani asipewe.

Tuanze na namna inavyofanya kazi, kwa sababu bila hiyo mtu ataona ni woga wa mama mzee. Katika ngozi, ulimi, pua na koo kuna ncha za mishipa ya fahamu zenye protini inayoitwa TRPM8. Kazi yake ni kugundua baridi. Joto likishuka chini ya nyuzi 25 hadi 28 hivi, protini hiyo hufunguka, chembe za umeme hupita, na ubongo hupokea habari kwamba hapa pamekuwa baridi. Mentoli, ile kemikali ya mnanaa, huikamata protini hiyo hiyo na kuifanya ifunguke hata penye joto. Ulimi una nyuzi 36 au 37, lakini ubongo unaambiwa kuna upepo wa asubuhi. Ndiyo maana ukinywa maji ya kawaida baada ya pipi ya menti, unaona kama yametoka kwenye friji.

Protini hiyo ilitambuliwa mwaka 2002 na makundi mawili ya watafiti huko California, moja la David Julius na jingine la Ardem Patapoutian. Kabla ya hapo, mwaka 1997, Julius alikuwa amekwisha kupata ndugu ya protini hiyo, ile inayofunguliwa na joto kali na pia na pilipili. Kwa hiyo pilipili haichomi na mnanaa haupozi. Yote mawili yanagonga mlango wa hisia kwa ufunguo wa bandia. Mwaka 2021 wanasayansi hao wawili walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa uvumbuzi wao wa namna mwili unavyohisi joto, baridi na mguso. Ningependa walimu wa baiolojia wa Likasi walifundishe somo hili kwa pipi na pilipili mezani, maana halihitaji maabara.

Sasa turudi kwa yule kijana. Wanamichezo wamejua faida ya jambo hili kwa muda. Kabla ya Olimpiki ya Tokyo, ambako joto lilitarajiwa kuwa kali, watafiti wa michezo waliichunguza mentoli kwa makini: mkimbiaji akisukutua maji yenye mentoli huweza kwenda muda mrefu zaidi kwenye joto, wala joto la ndani ya mwili wake halipungui. Anajisikia nafuu na anasukuma mbele. Huyo ana daktari kando, ana barafu, ana mtu wa kumtoa uwanjani akianza kuyumba. Kijana wa Kikula ana tochi kichwani na kamba. Shimo lina upana wa mabega yake, hewa chini haitembei, na gunia analolijaza lazima lipande juu kabla ya mnunuzi kuondoka. Ishara zake za kumwambia pumzika, kunywa, panda juu, ni mbili: joto na kiu. Zote mbili pipi ile inazipunguza, kwa maana kiu nayo husikiliza ubaridi wa mdomo. Mdomo ukihisi baridi, hamu ya maji hushuka hata kama damu bado inayataka.

Vinywaji vya kuongeza nguvu vimeingia katika hesabu hiyo hiyo. Vile vyenye ladha ya menti kali vinasifiwa kwa neno la ubaridi, picha ya barafu, rangi ya bluu. Kijana hunywa kopo moja, kafeini inamwamsha, sukari inamshibisha, ubaridi unamtuliza, kisha anashuka shimoni bila maji. Nimewahi kuletewa farmasini vijana waliotoka machimboni wakiwa na kichwa kinachopasuka, misuli iliyokaza na mkojo mweusi kama chai. Niliwapeleka hospitali. Sitasema pipi ndiyo iliyowafanya hivyo; joto na kazi viliwafanya hivyo. Lakini wote walikuwa na menti mfukoni, na chupa ya maji hakuna aliyekuwa nayo.

Jambo la pili ni kifua, nalo naliandika kwa uchungu zaidi. Mimi ni mtoto wa mchimbaji. Baba alifanya kazi chini ya ardhi miaka mingi, enzi za mishahara iliyolipwa pamoja na gunia la unga. Alikuwa na kikohozi kikavu, na kila jioni alipaka pomadi kifuani na kunusa kichupa cha mafuta ya mentoli na kafuri. "Sasa hewa inapita," alikuwa akisema, na sisi watoto tulifurahi. Hewa haikuwa ikipita zaidi. Huko Cardiff, Wales, mtafiti Ron Eccles alipima jambo hili miaka ya 1980: watu waliovuta mentoli walisema pua zimefunguka, lakini vipimo vya hewa iliyopita puani havikubadilika. Pua ilihisi ubaridi, na mwili umezoea kwamba hewa ya baridi maana yake njia iko wazi. Baba aliridhika na hisia hiyo mpaka alipokuwa hawezi kupanda ngazi tatu za nyumba yetu. Vumbi la mawe lililokuwa limekaa mapafuni halikuwa na habari na kichupa kile.

Simlaumu baba, wala simlaumu mtu yeyote anayetafuta nafuu usiku. Nafuu ni kitu kizuri. Mtu mwenye mafua akipata usingizi kwa sababu ya harufu ya mkaratusi, amepata kitu cha kweli. Mkaratusi nao una kemikali yake, sineoli, inayoigusa protini ile ile kwa nguvu ndogo. Wakati wa korona mwaka 2020, nyumba nyingi hapa zilichemsha majani ya mkaratusi na mchaichai, watu wakajifunika blanketi na kujifukiza. Wengi walisema wamepona pale pale. Walikuwa wamepumzishwa. Katika mji wa migodi, mahali ambapo kikohozi cha wiki 2 kinaweza kuwa kifua kikuu na cha miaka kinaweza kuwa silikosisi, ugonjwa wa vumbi la mawe, kupumzishwa bila kupimwa kunakula miezi ambayo mgonjwa hana.

Na watoto wachanga? Hapa siombi, nasisitiza. Mama huja na kitoto cha wiki 3, pua imeziba, analia usiku. Nkambo, yaani bibi, nyumbani amekwisha kusema: mpake pomadi puani na kifuani. Ninamwambia, mama, hapana. Mentoli na kafuri zikiwekwa karibu na pua ya mtoto mchanga zinaweza kufanya koo lake libane ghafla na pumzi ikakatika. Pomadi hizi nyingi, kwenye lebo zao za Ulaya na Marekani, zimeandikwa zisitumiwe kwa mtoto aliye chini ya miaka 2. Maandishi hayo ni madogo, kwa lugha ambayo mama wa mitaa yetu ya Panda au Shituru hasomi, na mara nyingi kichupa kinauzwa barabarani bila boksi lake.

Kuna hatari nyingine ambayo inatuhusu Waafrika hasa. Watoto wengi katika nchi za malaria, na zaidi wa kiume, huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD. Upungufu huo huwa haujulikani mpaka kitu fulani kivunje chembe nyekundu za damu, na mtoto awe wa manjano macho na ngozi. Mwaka 1980 madaktari wawili wa Lagos, Olowe na Olikoye Ransome-Kuti, walichapisha utafiti wao kuhusu watoto wachanga wenye upungufu huo walioguswa na mentoli, na hatari ya manjano kwao. Ransome-Kuti baadaye alikuwa waziri wa afya wa Nigeria, kuanzia 1985 hadi 1992. Manjano yakizidi, huingia ubongoni, na mtoto anayenusurika anaweza kubaki kiziwi au asitembee vizuri maisha yake yote. Madaktari wa Kiafrika waliliandika jambo hili kabla wengi wa mama ninaowahudumia hawajazaliwa. Bado poda na pomadi zenye mentoli zimo katika vikapu vya zawadi tunazopeleka kwa mzazi.

Nataka kuwa mwenye haki kwa pipi zenyewe. Kamati ya wataalamu wa viungo vya chakula ya FAO na Shirika la Afya Duniani imeweka kiwango cha mentoli kinachokubalika kwa siku kuwa hadi miligramu 4 kwa kila kilo ya mwili. Mtoto wa kilo 15 anafika miligramu 60. Pipi nyingi za koo zina miligramu 5 hadi 10. Mtoto wa shule anayenyonya mbili au tatu hajadhurika, na mzazi asiwe na wasiwasi. Hoja yangu haihusu sumu. Inahusu mtu anayeamini kwamba amepoa, amepumua, amepona.

Watengenezaji wa sigara walilielewa hilo mapema kuliko madaktari. Katika miaka ya 1920 kijana mmoja wa Ohio, Lloyd Hughes, alitia mentoli kwenye tumbaku, na biashara kubwa ikazaliwa. Moshi unaingia bila kukwaruza. Anayeanza hakohoi sana, na kwa hiyo anaendelea. Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku sigara za menti kuanzia tarehe 20 Mei 2020. Hapa kwetu huuzwa moja moja, kwenye ubao wa muuza kadi za simu, na vijana huniambia kwamba ni nyepesi kuliko nyingine. Mapafu hupokea lami ile ile.

Wapo watakaoniambia: lakini mama, ni majani, ni kitu cha asili. Nami naupenda mnanaa. Uko uani kwangu, karibu na bomba, na chai yangu ya asubuhi haikamiliki bila jani lake. Hata hivyo si kila mnanaa una ubaridi. Ule wa chai ya Morocco na wa bustani nyingi una harufu yake nyingine, karvoni, na mentoli kidogo sana. Mentoli ya viwandani hutoka katika mnanaa wa shambani wa Asia, ambao mafuta yake huwa na mentoli robo tatu hivi; yakipozwa, fuwele nyeupe hujitenga zenyewe. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, wakulima wa Kitami, kaskazini mwa Japani, walitoa karibu asilimia 70 ya mafuta hayo ulimwenguni. Wahamiaji wa Kijapani waliupeleka mmea huo Brazil. Leo mashamba makubwa yako India, jimbo la Uttar Pradesh, hasa wilaya ya Barabanki, ambako mkulima huupanda baada ya viazi au ngano na kuuvuna kabla ya mvua za masika yao.

Sehemu kubwa ya mentoli iliyobaki haijawahi kuliona shamba la mnanaa. Tangu miaka ya 1980 kampuni ya Takasago ya Japani huitengeneza kutokana na utomvu wa misonobari, kwa kemia iliyompa Ryoji Noyori Nobel ya mwaka 2001. BASF ya Ujerumani ilifungua kiwanda chake Ludwigshafen mwaka 2012. Molekuli ni ile ile. Ulimi hauwezi kutofautisha, wala mwili. Kwa hiyo neno "asili" kwenye pakiti halimlindi kijana wa shimoni, na neno "kiwanda" halimwongezei hatari.

Kuna hatua iliyofuata, nayo ndiyo inayonifanya nidai lebo. Katika miaka ya 1970 watafiti wa Wilkinson Sword, wale wa nyembe za kunyolea, walitafuta ubaridi usio na harufu ya menti. Walijaribu zaidi ya kemikali elfu moja, na kati yake zilitoka zile zinazojulikana kwa herufi WS-3 na WS-23; ya kwanza hutengenezwa kutokana na mentoli, ya pili haitokani nayo. Leo zimo kwenye chingamu, vinywaji, mvuke wa sigara za umeme. Zinapoza hisia bila kunukia. Zamani mama aliweza kunusa na kujua. Sasa pua yake haimwambii kitu. Kinywaji cha ndimu au cha nanasi kinaweza kuwa na ubaridi huo, naye akadhani ni ubora wa tunda.

Anapogeuza chupa, anasoma neno moja tu: ladha. Kanuni za kimataifa za lebo za Codex Alimentarius zinaruhusu hivyo. Viungo vya ladha hutajwa kwa jumla, na kuongezewa kama ni vya asili au vya kutengenezwa. Sikubaliani na uhuru huo pale ambapo kiungo kinabadilisha hisia ya joto, kiu au pumzi. Ladha ya vanila haimdanganyi mtu kuhusu mwili wake. Ofisi ya Udhibiti ya Congo, OCC, hukagua bidhaa zinazoingia Kasumbalesa kutoka Zambia, Afrika Kusini na bandari ya Dar es Salaam. Iwadai waagizaji sentensi mbili kwa Kifaransa na Kiswahili: kwamba kina kipoza-hisia, na kwamba kisipakwe wala kupewa mtoto mchanga. Stika ndogo inatosha, na gharama yake ni ndogo kuliko ya boksi lenyewe.

Wasiniambie kwamba haiwezekani Afrika. Karibu na msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, wakulima wa kikundi cha Muliru hupanda rehani ya kafuri, mmea ambao jina lake la kisayansi limebeba Kilimanjaro, hukamua mafuta yake na kutengeneza pomadi iitwayo Naturub. Walishirikiana na taasisi ya utafiti ya icipe ya Nairobi, pomadi ikasajiliwa na bodi ya dawa ya Kenya, na mwaka 2010 kikundi kilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Wakulima wa kijijini walipitisha kichupa chao mbele ya bodi. Mwagizaji mwenye kontena zima anashindwa nini?

Kwa vyama vya ushirika vya wachimbaji nasema jambo ambalo halihitaji wizara. Wekeni pipa la maji safi juu ya kila shimo, lenye kikombe na kifuniko, na mtu wa kulijaza. Anayeshuka anywe kabla hajahisi kiu, anywe tena kila akipanda, na siku za mwezi wa kumi awe na chumvi ya kurudisha maji mwilini. Katika farmasi kifuko chake ni bei rahisi. Munkoyo unaotengenezwa na mama zetu kwa mahindi na mizizi ni mzuri pia, ukiwa wa siku hiyo na umechemshwa kwa maji safi. Pipi ikiwepo baada ya maji, sina neno nayo.

Na kwa mama mwenye mtoto aliyeziba pua usiku huu: chemsha maji, yapoe, tia robo kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe kimoja, dondosha matone mawili kila tundu kabla hajanyonya. Kama anavuta pumzi kwa mbavu, kama hanyonyi, au kama macho yake yana rangi ya manjano, usingoje asubuhi, mpeleke hospitali.